Maswali ya Wasomaji: Ualimu na Utafiti wa Sheria ya Kimataifa

Safu ya mwezi huu imetengwa kwa barua zinazohusu kazi moja, nayo ni kufundisha na kutafiti sheria ya kimataifa katika vyuo vikuu. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, kwa hiyo tumechagua nne, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Shikamoo Mwalimu. Nimehitimu shahada ya kwanza ya sheria, na sasa nipo nyumbani Mwanza nikisubiri kuanza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Katika masomo yote niliyosoma, sheria ya kimataifa ndiyo iliyonivutia kuliko yote, na natamani kuwa mhadhiri na mtafiti wa somo hilo. Wenzangu wananiambia kwamba sheria hiyo ni ya Geneva na The Hague, na kwamba mtu wa huku hana cha kutafiti ila kurudia yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Je, ni kweli? Na nianzie wapi?
*Mhitimu, Mwanza*

Marahaba. Si kweli, na ushahidi wa kuwajibu wenzako uko karibu nawe, maana unaishi kando ya ziwa ambalo limewahi kuzusha mojawapo ya mijadala mikubwa ya sheria ya kimataifa. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana hati za makubaliano, na ndani yake Uingereza ikakubali kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wake hapatajengwa miradi ya umwagiliaji wala ya umeme kwenye mto Naili, matawi yake na maziwa yake, kwa namna ya kuathiri maji yanayofika Misri, pasipo Misri kuridhia kwanza. Watu wa Mwanza, Bukoba na Musoma hawakuulizwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwezi Desemba 1961, Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipeleka tamko kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kueleza kwamba mikataba ya nchi mbili ambayo Uingereza iliifunga kwa niaba ya Tanganyika itaendelea kutumika kwa miaka miwili ili serikali mpya ipate nafasi ya kuzungumza na kila nchi inayohusika, na kwamba baada ya muda huo mkataba ambao hautaweza kusimama kwa nguvu ya sheria ya kimila ya kimataifa (yaani desturi ambazo mataifa huzifuata kama sheria) utahesabiwa kuwa umekoma. Mwezi Julai 1962 serikali ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano yale ya 1929.

Msimamo huo hadi leo unafundishwa katika vyuo vya sheria kwa jina la Nyerere. Uganda na Kenya zilipopata uhuru zilitoa matamko ya namna hiyo hiyo, na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, ilipokuwa ikiandaa rasimu ya mkataba juu ya dola mpya kurithi mikataba ya dola iliyotangulia, ambao hatimaye ulikubaliwa Vienna mwaka 1978, ililichambua tamko la Tanganyika miongoni mwa mifano ya vitendo vya mataifa. Kwa msimamo huo huo Tanganyika ilikataa kuendelea kufungwa na mikataba iliyowapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa pango la kudumu. Hayo yalifanywa na nchi changa iliyokuwa na wanasheria wachache mno. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, ambacho miaka ile kilikuwa kinawafundisha vijana wa Kenya na Uganda pia, kilikuwa kimefungua milango yake Oktoba 1961 tu, wiki chache kabla ya uhuru.

Jambo la Naili lenyewe bado liko wazi. Mkataba wa Mfumo wa Ushirikiano wa Bonde la Naili, uliofunguliwa kwa ajili ya kutiwa saini Entebbe mwezi Mei 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuuridhia, huku Misri na Sudan zikiwa zimebaki nje. Je, mkataba mpya unaweza kuathiri haki ambazo nchi iliyo nje yake inadai kuzipata mwaka 1929? Ukomo wa miaka miwili uliowekwa mwaka 1961 unagusaje mkataba ambao Misri inauona kuwa unakwenda na ardhi na maji, kama mpaka wa nchi unavyokwenda? Haya ni maswali ya tasnifu nzima, na mtu anayeweza kuyashughulikia vizuri ni yule anayeyajua maziwa, aliye tayari kukaa kwenye nyaraka za serikali, na asiyechoka kusoma.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie, yaani kwenye nyaraka zenyewe. Katika tasnifu ninazosahihisha nakutana mara kwa mara na mwanafunzi anayemnukuu mwandishi wa Ulaya anayemnukuu mwandishi mwingine kuhusu tamko la Nyerere, ilhali tamko lenyewe ni fupi, linapatikana, naye hajalisoma. Hali hiyo inanisikitisha kwa sababu inawapa wenzako ushahidi wa hoja yao. Kifungu cha 38 cha hati iliyoanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile inayoamua migogoro ya nchi na nchi, kinaitaka Mahakama itumie mikataba, desturi na kanuni za jumla za sheria, kisha kinaitaja hukumu na maandishi ya wanazuoni waliobobea wa mataifa mbalimbali kuwa nyenzo za kusaidia kuitambua sheria. Nakuomba uyasome tena yale maneno ya mwisho, *mataifa mbalimbali*. Ni kazi chache sana ambazo hati ya mahakama ya dunia imezitaja kwa uwazi namna hiyo, na sharti hilo haliwezi kutimizwa na wanazuoni wa vyuo vichache vya Ulaya na Marekani peke yao.

Kuhusu hatua za kufuata, maliza kwanza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, maana yatakufungulia mlango mwingine endapo nafasi ya chuo itachelewa. Vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, vinapotangaza nafasi ya mkufunzi msaidizi, kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kati ya 5, na kwa mhadhiri msaidizi huongeza shahada ya umahiri yenye GPA isiyopungua 4.0. Kama alama zako hazifiki hapo, ujue mapema kwamba njia itakuwa ndefu zaidi. Baada ya hapo inafuata shahada ya uzamivu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani cha masomo ya sheria za Afrika Mashariki, ambacho tangu mwaka 2008 kimewasomesha wanasheria wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki katika ngazi za umahiri na uzamivu. Safari ya Profesa Chris Maina Peter inaweza kukuongoza: alisoma shahada mbili za kwanza Dar es Salaam, akachukua uzamivu Konstanz nchini Ujerumani, akarudi kufundisha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 hadi 2022 akawa mjumbe wa Tume ile ile ya Sheria ya Kimataifa niliyoitaja.

Wakati unasubiri, usikae bure. Umoja wa Mataifa una maktaba ya mihadhara ya sheria ya kimataifa ambayo mtu huisikiliza kwenye intaneti bila malipo, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki huziweka wazi hukumu zake pamoja na hoja za maandishi za pande zote. Kuna pia kozi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika inayofanyika Addis Ababa, na masomo ya kiangazi ya Chuo cha The Hague cha Sheria ya Kimataifa, kilichoanzishwa mwaka 1923. Zote mbili zina ufadhili, na waombaji ni wengi, kwa hiyo omba kila mwaka.

Assalaam aleikum. Binti yangu amefaulu vizuri masomo ya sheria na amepata kazi katika ofisi ya mawakili, lakini sasa anataka kuiacha arudi chuoni kusomea sheria ya kimataifa ili awe mwalimu. Baba yake na mimi tunajiuliza kama kazi hiyo itamlisha.
*Mama, Tanga*

Waaleikum salaam, Mama. Itamlisha, ila haitamtajirisha, na ni vyema alijue hilo sasa. Mshahara wa mhadhiri katika chuo cha umma una uhakika, lakini kupanda cheo kunategemea machapisho yanayochukua muda mrefu kukamilika, na nafasi za somo hili ni chache kwa kuwa kitivo kimoja mara nyingi huhitaji walimu wawili au watatu tu wa sheria ya kimataifa. Wakili mwenye wateja wazuri atampita kwa kipato. Asiiache ofisi kabla hajapata nafasi ya masomo yenye ufadhili kwa maandishi.

Lakini mkimtazama msidhani anakimbilia njia isiyo na watu. Phoebe Okowa alianza kama binti yenu, kwa shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Akaendelea Oxford, akawa profesa wa sheria ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuingia katika Tume ya Sheria ya Kimataifa, na Novemba 2025 akachaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambako Julia Sebutinde wa Uganda alikuwa amekwisha kuketi tangu mwaka 2012. Sisemi kwamba kila mwalimu atafika huko. Nasema kwamba Okowa alifika kwa kufundisha na kuandika, yaani kwa kazi ile ile anayoitaka binti yenu.

Jambo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Bunia, Kongo. Tunasoma kwa Kifaransa, na Kiingereza changu ni kidogo. Kila mwaka naona watafiti wanakuja kutoka mbali, wanawauliza wazee wetu habari za vita, kisha wanaondoka na vitabu vinatoka kwa majina yao. Nataka kuandika mwenyewe. Je, inawezekana bila Kiingereza, na niandike nini?
*Mwanafunzi, Bunia*

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako linagusa kiini cha kazi hii.

Kwanza lugha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ina lugha rasmi mbili, Kifaransa na Kiingereza, na Chuo cha The Hague hufundisha kwa lugha hizo mbili. Kifaransa chako kinakufungulia nusu ya maandishi ya somo hili, nusu ambayo sisi wa Dar es Salaam na Nairobi huipata kwa shida. Jifunze Kiingereza taratibu, kwa kusoma hukumu ambazo zimechapwa kwa lugha zote mbili ukurasa kwa ukurasa, lakini usingoje kukimaliza ndipo uanze kuandika.

Pili, la kuandika. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile inayowashtaki watu na si nchi, iliyotolewa Machi 2012 dhidi ya kiongozi wa waasi Thomas Lubanga kwa kuwaingiza watoto vitani, ilihusu mkoa wenu wa Ituri, na za Germain Katanga na Bosco Ntaganda zilizofuata nazo zilihusu huko huko. Kabla ya hizo, tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa kwa kutumia nguvu za kijeshi katika Kongo, na kwamba iliikalia Ituri kama dola mvamizi yenye wajibu wa kuwalinda wakazi wake. Nchi hizo mbili ziliposhindwa kuafikiana juu ya fidia, shauri likarudi mahakamani, na tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola za Marekani milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili, zote kwa awamu tano za kila mwaka. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11.

Hebu litazame pengo lililopo baina ya tarakimu hizo mbili. Sehemu kubwa ya sababu yake ni ushahidi. Mahakama ilieleza kwamba ushahidi uliokuwa mbele yake haukutosha kuthibitisha idadi ya waliokufa wala thamani ya kilichoharibiwa, na ikaishia kukadiria kiasi cha jumla kwa kila aina ya madhara. Nyuma ya makadirio hayo kuna vijiji vyenye majina, kuna orodha za parokia, daftari za vituo vya afya, hati za mashamba, na kuna wazee ambao bado wanakumbuka. Mtu wa kuonyesha ni kumbukumbu gani zilikuwepo, zilihifadhiwaje, kwa nini hazikufika mahakamani The Hague, na mahakama za baadaye zipokeeje ushahidi wa namna hiyo, ni wewe, unayejua barabara ya kwenda vijijini na lugha za kuongea na watu. Upo pia upande wa pili ambao bado haujaandikwa vya kutosha. Fedha hulipwa kwa serikali ya nchi iliyoshinda, wala si kwa mwathirika mmoja mmoja, na njia kutoka hazina ya serikali hadi mikononi mwa mjane aliyeko kijijini inahitaji mtafiti wa kuifuata hatua kwa hatua, kwa uadilifu na bila woga.

Ila nakuonya jambo moja, nami nalisema kwa uzito wote. Anayekusimulia mauaji anakukabidhi usalama wake. Usiandike jina lake, wala kijiji chake ikiwa ni kidogo kiasi cha kumtambulisha. Pata kibali cha chuo chako, mweleze kwamba ana haki ya kukataa na ya kuacha katikati, na usimuahidi fidia ambayo huna uwezo wa kuitoa. Umewalalamikia watafiti wanaochukua na kuondoka, na una haki kabisa. Basi wewe ukimaliza, warudie, uwasomee ulichoandika kwa Kiswahili kabla hakijachapishwa, na pale watakapokusahihisha, usahihishe.

Mahali pa kuanzia ni mahojiano machache na nyaraka nyingi. Nyaraka za mashauri ya Mahakama ya Jinai ziko wazi kwa Kifaransa, na pia zile za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambayo kumbukumbu zake zimehifadhiwa Arusha. Mahakama hiyo ndiyo iliyotoa, mwezi Septemba 1998 katika shauri la Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa iliyomtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni wakili hapa Mombasa, na kwa miaka mingi nimeshughulika na kesi za meli na mizigo. Sasa ningependa kufundisha sheria ya bahari na sheria ya kimataifa kwa jumla. Je, nimechelewa? Na mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa aanze vipi?
*Wakili, Mombasa*

Hujachelewa, lakini huko Kenya vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilitaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, kwa hiyo uwakili peke yake hautakupa ajira ya kudumu. Jiandikishe uzamivu na uombe kufundisha kwa muda wakati unausoma. Chagua mada inayotokana na mafaili uliyoyashughulikia, maana hapo ndipo utakapowazidi wenzako waliosoma mfululizo bila kutoka chuoni. Na utakapoanza kuchapisha, jihadhari na majarida yanayoahidi kutoa makala yako ndani ya siku chache mradi umelipa. Jarida la kweli hupeleka makala kwa wahakiki, na wahakiki hukuchelewesha na kukukosoa.

Kuhusu darasa, una shauri lililotokea mlangoni pako. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wao katika Bahari ya Hindi. Kenya ilipinga mamlaka ya Mahakama kwa kutegemea hati ya maelewano ambayo nchi hizo mbili zilitia saini mwezi Aprili 2009, ikidai kwamba zilikubaliana kumaliza suala hilo kwa njia nyingine. Februari 2017 Mahakama ilisema kwamba hati hiyo ni mkataba halali unaozifunga nchi zote mbili, ingawa bunge la Somalia lilikuwa limeikataa, lakini kwamba aya yake ya sita haikuweka njia ya kumaliza mgogoro iliyoizuia Mahakama kusikiliza shauri. Kenya ikajiondoa kwenye usikilizaji wa mdomo mwezi Machi 2021, na tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ikakataa dai lake kwamba Somalia ilikuwa imeukubali kwa kunyamaza mpaka unaofuata mstari wa latitudo, kisha ikachora mpaka wake yenyewe.

Katika kipindi cha kwanza usitoe mhadhara. Wape wanafunzi hati ile ya 2009, ambayo ni fupi, bila kuwaambia Mahakama iliamua nini. Nusu waitetee Kenya na nusu waitetee Somalia, wakiwa na maneno ya aya ya sita na kanuni za kufasiri mikataba zilizomo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, basi. Wewe kama wakili unajua kwamba mtu huijua hoja pale anapolazimika kuitetea mbele ya anayempinga. Hukumu waisome nyumbani baada ya hapo, na watakaporudi waulize ni hoja gani ya kwao ambayo majaji hawakuijibu.

Usidharau kinachoweza kutoka katika darasa la namna hiyo. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, katika kampasi yake ya Vanuatu, walianza kuzishawishi serikali za visiwa vyao kupeleka suala la mabadiliko ya tabianchi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu ikalibeba wazo lao, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio Machi 2023, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ikatoa maoni yake ya ushauri juu ya wajibu wa mataifa yote. Kwa hiyo mwanafunzi wako wa Kilifi au Lamu atakapokuuliza swali kuhusu bahari ambalo huna jibu lake, liandike ubaoni, mpe wiki mbili alitafiti, na umpangie siku ya kuja kulijibu mbele ya wenzake.